Batuli na Maji ya Vestine

Katika mtaa wa Waswahili pale Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, Batuli, au Mama Idi kama wengi walivyomwita, alijulikana kama fundi wa vikubwa. Mafundi wenzake walishona kanzu na magauni. Yeye alishona maturubai ya malori na matanga ya mitumbwi ya wavuvi wa Magara. Cherehani aliachiwa na marehemu mumewe, lakini ufundi ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, na akikwambia "nitaangalia kwanza," ujue kazi imeshaanza kichwani.

Mwaka wa pili baada ya uhuru aliitwa na Bwana Jean-Pierre, msimamizi wa kinu cha mawese kule Kizuka. Bwana huyu alikuwa amenunua nyumba ya Mbelgiji aliyerudi kwao, na uani mlikuwa na pisini, birika la kuogelea lililogeuka makao ya vyura. Majirani walidhani atalifukia. Lakini mkewe, Vestine, alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na daktari alimwagiza auchezeshe mguu ndani ya maji kila siku. Ziwani kuna viboko. Basi pisini ikasuguliwa, ikajazwa maji ya kijito cha mlimani.

Baridi ndiyo iliyowashinda. Kiangazi kile upepo ulivuma usiku kucha, na asubuhi Vestine akitia mguu, misuli inakakamaa, anatolewa akilia.

"Nataka kifuniko kitakachoyapasha maji kwa jua," Jean-Pierre alisema. "Nishonee turubai jeusi, zito. Nyeusi inavuta joto, kila mtu anajua."

Batuli aliinama, akachovya mkono majini. Maturubai meusi aliyajua vizuri: ukilishika moja saa sita linakuunguza kiganja, lakini mizigo iliyo chini yake hubaki na ubaridi wake.

"Nitaangalia kwanza, Bwana. Nipe siku tatu."

"Siku tatu za kuangalia nini? Iko turubai tu!"

Batuli alirudi kwake akapanga mabeseni matatu uani, yote na maji ya kipimo kimoja. La kwanza aliliacha wazi. La pili alilifunika kwa kipande cha turubai jeusi. Katika la tatu akalaza juu ya maji nailoni inayopitisha mwanga, ile ya kufunikia magunia ya sukari yasilowe. Wapita njia walicheka: "Mama Idi anapika maji bila kuni!" Yeye alichovya kiwiko asubuhi, adhuhuri na alasiri, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

Siku ya tatu aliyapeleka mabeseni kwa Jean-Pierre kwa mkokoteni, akayaacha juani hadi alasiri. Kisha akamgeukia Vestine. "Dada, mwenye mguu ndiye achague."

Vestine alitia mguu katika la kwanza, akautoa upesi. La pili, akatikisa kichwa. Katika la tatu alifumba macho, mguu ukabaki humo humo.

"Hili," alisema. "Murakoze, asante, Mama Idi. Hili."

Jean-Pierre aliingiza mkono mwenyewe. Alikuwa mtu wa kiburi, lakini hakuwa mpumbavu. "Nimeshindwa," akasema, akacheka.

Batuli alishona kifuniko siku tano. Alijua nailoni ile huchanika upesi, kwa hiyo kila ukingo aliukunja mara mbili na kuutia utepe wa pamba, akafunga vyelezo vya nyavu ili kilale juu ya maji bila kuzama. Alikigawa vipande vinne, mtu mmoja aweze kukivuta bila msaada. Na alitoa sharti moja: "Kabla ya kuingia, ondoeni chote. Kikibaki nusu, mtu anaweza kunaswa chini yake."

Maji yakapata uvuguvugu. Vestine aliogelea asubuhi kwa asubuhi, akaacha magongo mawili, akabaki na mkongojo mmoja. Nailoni ilipokauka na kupasuka kwa jua, Batuli alishona nyingine, kila mwaka bila kuitwa.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji nchini. Watu wenye silaha walimchukua Jean-Pierre kinuni, na hakurudi. Vestine alitembea kwa miguu yake, na mkongojo wake, mpaka mlangoni kwa Batuli. Batuli alifunga mlango, akamshika mkono hadi ufukweni. Mtumbwi uliokuwa na tanga lake jipya ulikuwa unaondoka asubuhi ile. Akampandisha Vestine, akaenda naye. Cherehani ilibaki.

Ujiji, upande wa Tanzania, walipanga chumba kimoja. Batuli aliazima sindano, akaanza kushona viraka vya matanga kwa mkono, na Vestine akawa anamkatia nyuzi. Wanawake wa mtaa walipouliza kama wale wawili ni ndugu, Vestine alijibu bila kusita: "Ni dada yangu mkubwa." Batuli aliinua kichwa, akamtazama kidogo, kisha akaendelea na mshono wake.