Sufuria za Albertine

Syntiche Mwelwa aliuza mashuka kwa simu. Aliyanunua Zambia, akayapitisha mpaka wa Mokambo, na kwa kuwa nyumba yake ya Ruashi ilikuwa bado inajengwa, aliyaweka kwenye depo ya kukodi njia ya Luano. Mteja akiagiza kwa WhatsApp, depo ilimpelekea kwa pikipiki.

Siku moja mteja alingoja mpaka akachoka. Syntiche akaenda mwenyewe. Papa Paulin, msimamizi wa depo, alimzungusha katikati ya marundo ya makartoni, kisha akasimama.

"Mama, mashuka yako hayaonekane. Lakini hatuwezi kukuacha mikono mitupu. Tutakulipa."

Akamlipa kwa sufuria mpya, makartoni kadhaa. Syntiche hakujua kama amependelewa au amepunjwa. Hakuwahi kuuza sufuria. Alizipiga picha, akaziweka mtandaoni.

Kesho yake akapigiwa na mwanamke asiyemjua.

"Yaya, dada yangu, samahani. Mimi ni Albertine, niko Katuba. Hizo sufuria ni zangu."

"Zako namna gani? Depo njo ilinipatia."

"Mimi pale depo baliniambia zilipotea. Fungua makartoni, utaona kifuniko kimoja kimebonyea. Nilikiangusha mwenyewe."

Syntiche akafungua moja baada ya jingine. Kifuniko kilichobonyea kilikuwamo. Akakaa chini, simu sikioni.

"Na wewe balikulipa nini?"

"Viatu vya batoto. Nilishaviuza vyote. Sikuuliza vilikuwa vya nani."

Wakaenda depo pamoja. Paulin hakukana. Alieleza polepole kwamba mvua iliingia, majina kwenye makartoni yakafutika, mizigo ikachanganyika. Kila aliyelalamika alipewa kitu cha thamani ileile.

"Hakuna muntu aliondoka bila kitu," alisema, na alionekana kuamini kwamba hiyo ndiyo haki.

"Sasa mashuka yangu mulimulipa nani?" Syntiche akauliza.

Paulin akatazama bati la juu. "Hiyo njo sijue, mama."

Nje wakabishana bila hasira. Albertine akichukua sufuria zote, atakuwa amelipwa mara mbili. Syntiche akibaki nazo, atakuwa anauza mali ya mtu anayemjua kwa jina. Mwishowe wakagawana nusu kwa nusu, ingawa hakuna aliyeweza kusema kwa nini nusu. Albertine akabandika tena mtandaoni picha ya vile viatu: aliyevipoteza depo ajitokeze, wazungumze.

Kabla ya jioni wakajitokeza watu watatu. Kila mmoja alieleza rangi na ukanda bila kukosea. Lakini picha nayo ilionyesha rangi na ukanda.

Mashuka hayajapatikana. Mapya Syntiche huyaweka chini ya kitanda chake. Ukimwuliza kama depo ilimlipa, anaanza kujibu, kisha anakuuliza wewe unaonaje.