Huyu Tayari Anajua

Harufu ya mawese yakichemka bado inanipandisha hasira. Wenzangu ikiwafikia wanasikia njaa. Mimi namwona yule karani wa Wadachi, Wajerumani wa enzi zile, ameketi kwenye kiti cha baba yangu hapa Rumonge, anajipepea kwa kofia.

Alitumwa kutoka boma la Usumbura kuchagua watoto wa shule. Alitangaza sokoni kwamba serikali inataka watoto wenye lugha. Baba, fundi wa mitumbwi aliyevuka ziwa kutoka Umanyema, alicheka hadi akaweka shoka chini. Lugha? Kirundi nilikinyonya kwa mama, Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, Kibembe nilikiokota kwa wavuvi, na Kiha kwa wauza chumvi niliokuwa nikigombana nao bei. Mama aliniogesha, akanipaka mafuta nikang'aa, akanikanya nisichokonoe pua mbele ya mgeni.

Mtware, mkubwa wetu wa milimani, naye alikuwa amemleta mwanawe. Mvulana yule hakujua neno la Kiswahili, na karani, mtu wa pwani, hakujua Kirundi. Basi nikaambiwa niwatafsirie. Nilifanya kwa moyo mweupe, jamani. Mvulana alipogugumia, mimi nilimpangia maneno yakatoka yamenyooka. Karani akatikisa kichwa kwa furaha, akasema mtoto huyu ana akili.

Zamu yangu ilipofika, baba alinisukuma mbele. Karani hakuniuliza hata swali moja.

"Huyu tayari anajua," akamwambia baba. "Shule ya nini tena? Na ni msichana."

"Bwana, si ulisema munataka watoto wa lugha?"

Karani akavaa kofia yake. Akanipa shanga kidogo za ahsante, nikazitupa kwenye chungu cha mawese, na mama akanichapa mbele ya watu.

Kwa miaka nilidhani nilikosea mahali. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba nafasi ile ilikuwa ya mtoto wa mtware kabla karani hajapanda mtumbwi kuja kwetu. Mimi nilitakiwa nimpitishe tu. Alikwenda kufundishwa Kiswahili, kile kile nilichokuwa nikitukania mbuzi! Washenzi wakubwa.

Mvulana yule akarudi naye akiwa karani. Alisimama mbele ya mawese yangu sokoni, viatu vinang'aa, akaniuliza polepole kama anayesema na kiziwi:

"Wewe mama, Kiswahili unaelewa?"