Siku Akai Alipoingia Kambini

Kiangazi kile kambi nzima ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ilinuka moshi wa migunga mibichi, moshi mzito na mchungu uliotutoa machozi kabla uji haujachemka. Tulikuwa tumewasili kutoka Sudan Kusini, mama, mdogo wangu na mimi, tukagawiwa mahindi na maharagwe. Lakini mahindi makavu hayaliwi bila moto, kwa hiyo kila alfajiri mama alichukua panga akafuatana na wenzake kukata matawi kando ya mto mkavu. Hatukujua kwamba miti ile ilikuwa na wenyewe, kwamba nyasi zikiisha Waturkana, wenyeji wa pale, huwalisha mbuzi wao maganda yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, husema wahenga. Sisi tulikuwa wenye njaa pande zote mbili, na bado hatukujuana.

Asubuhi moja wanawake walirudi mbio, mikono mitupu. Walikuwa wamefukuzwa na wenyeji kwa fimbo, na mama hakuwamo. Vijana wa mtaa wetu wakaanza kuokota vyuma na marungu. Nilimshika mdogo wangu mkono, nikajaribu kusali, maneno yakanipotea. Jua lilikuwa utosini nilipomwona mama akija, anachechemea, na kando yake mwanamke mrefu wa Kiturkana, shanga tele shingoni, amebeba mzigo wa kuni kavu. Alikuwa peke yake mbele ya marungu yale yote.

“Ejok,” alitusalimu, akatua mzigo. “Mimi ni Akai. Huyu mama alianguka, nimemleta. Lakini mkikata mti mbichi, mbuzi yangu itakula nini? Mtoto yangu atakunywa maziwa gani?”

“Mmepiga mama zetu!” kijana mmoja akafoka.

“Ni kweli, wamepigwa. Mimi sikupenda. Ndiyo nimekuja.”

Mama akaketi palepale juu ya kuni. “Sisi iko na mahindi,” alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, “kuni hakuna. Nyinyi iko na kuni.”

Akai akacheka kwa sauti. Vijana wakaanza kushusha marungu yao chini. Nami nikalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Tangu siku hiyo Akai na wenzake walituletea kuni kavu, nasi tukawapa mahindi. Afisa mmoja wa ustawi wa jamii kutoka mji wa Lodwar alipopata habari, alikuja akaketi nao mkekani, akawasaidia kuunda kamati ya upatanishi ya wanawake wenyeji na wakimbizi, ya kwanza niliyopata kuiona. Wazee waliwacheka wanawake wale. Baadaye wakawaletea kesi zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini pale mwenyeji ndiye aliyeanza kuja.

Siku hizi naishi Lodwar na kazi yangu ni hiyohiyo ya upatanishi. Ugomvi haujaisha. Juzi niliitwa Kakuma kwa sababu ya bomba la maji. Vijana walibishana kwa Kiturkana, Kiarabu cha Juba na Sheng mpaka sauti zikawakauka, kisha wakavuta viti wakaketi kuzungumza, bila mtu kuwaambia. Zamani ilibidi kwanza mtu aumie. Nikapanda gari la kurudi Lodwar, nikaegemeza kichwa dirishani, nikasinzia njia nzima.