Mgeni Niliyemkaribisha kwa Droni

Ningesimuliwa kisa hiki na mtu mwingine, ningemcheka mpaka nitokwe na machozi. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Kimenitokea mimi mwenyewe, jua halijazama, nikiwa na akili zangu timamu. Sikuwa na homa na kilevi sijawahi kuonja. Waliokuwepo bado wako hai, isipokuwa mmoja ambaye hata sijui kama ni wa kuhesabiwa miongoni mwa walio hai.

Ninakaa Nyamisati, pale boti zinapoondokea kuingia delta, kule mto unakojigawa kabla ya kufika baharini. Mke wangu Zuhura ni nesi. Mimi nina kibanda cha kupigia picha, za pasipoti siku za kawaida na za harusi zikipatikana. Mama yangu anaishi nasi, na jikoni ni kwake, hapana anayethubutu kumwingilia. Siku hizi harusi bila picha za kutoka juu watu wanaiona haijakamilika, na nilichoka kusikia kazi za Bungu na Ikwiriri zinakwenda kwa vijana wa Dar. Basi nikatafuta droni ndogo iliyotumika, nikafuata kibali, nikaanza kujifunza kwa video za mtandaoni.

Asikudanganye mtu kwamba ni sawa na mchezo wa kwenye simu. Mwanzoni nilikuwa nainyanyua mpaka usawa wa kifua, naitazama inavyonguruma, naishusha. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yangu, na mikono ilikuwa inalowa jasho mpaka rimoti inateleza. Halafu ikikugeukia uso, kushoto kwako kunakuwa kulia kwake. Hivyo ndivyo nilivyoipeleka mbio ndani ya mkorosho wa shule mbele ya watu, na mpaka leo kuna wanaoniita rubani wa korosho. Kunguru nao waliichukia tangu siku ya kwanza. Na kinamama, ambao mabafu yao hayana mapaa, walinipa onyo kabisa. "Wee mpiga picha!" jirani yetu alinipigia kelele siku moja. "Hilo lidude likipita juu ya bafu langu, nalitwanga na mchi!"

Taratibu nikazoea. Nikaweza kuizungusha uwanja mzima, kuishusha mahali nilipotaka, hata kuidaka kwa mkono. Lakini kulikuwa na jambo moja sikuthubutu kabisa, nalo ni kuipeleka mahali nisipoiona kwa macho yangu.

Siku hiyo Zuhura alikwenda kwenye kisiwa kimoja huko ndani kuchanja watoto. Aliyempeleka ni Shaweji, nahodha wa boti ya fiba, mtu mzoefu wa mito ile. Waliondoka asubuhi maji yamejaa, wakakusudia kurudi kabla hayajatoka. Kilikuwa kipindi cha bamvua, maji yakitoka yanatoka kweli. Ukichelewa, mkondo uliopita asubuhi kwa boti unakuta ni tope la kukuzamisha mpaka kiunoni, na kwenye tope lile mamba wapo.

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa. Simu yake haipatikani. Nilijua fika huko kwenye mikoko hakuna mtandao, lakini nilipiga, nikapiga tena, kama mwendawazimu. Pale bandarini watu wananiambia nitulie, Shaweji anayajua maji. Nikamwendea mwenye boti nyingine nikamwomba tutoke kuwafuata.

"Ndugu yangu, maji hakuna," akanijibu. "Na mimi nikikwama, mtakuwa mnatafuta boti mbili."

Alikuwa na haki yake, ila nilimchukia wakati ule. Wewe ungefanya nini? Jua linashuka, mkeo yuko huko, na watu wanakwambia utulie. Nikakimbia nyumbani kuchukua droni.

Nikairusha. Nikaipandisha juu kuliko nilivyowahi kuipandisha, nikaielekeza kwenye mikoko. Niliitazama ikawa nukta, kisha nukta ikapotea, na mlio nao ukapotea. Nikabaki na kioo cha simu tu. Nilihisi kama nimeachia kitu nisichoweza kukirudisha, na hapo ndipo nilipomwomba Mungu kwa sauti, mbele ya watu, wala sikuona haya.

Kwenye kioo ni mikoko tu, kijani mpaka uchoke, na mikondo iliyokauka kama njia za konokono. Betri inashuka. Mawasiliano yanakuja yanakatika. Nikafuata mkondo mmoja, mwisho wake tope. Nikarudi nikafuata mwingine. Kidole kilikuwa kinataka kubonyeza kitufe cha kuirudisha nyumbani, nikakizuia. Na kwenye kona ya mkondo wa tatu nikaona boti.

Zuhura nilimjua kwa ule mtandio wake wa njano. Alikaa mbele, amekumbatia kisanduku cha barafu cha chanjo. Shaweji yuko nyuma, mashine ameinyanyua nje ya maji, ameshika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Na katikati yao amekaa mtu mwingine, mwanamume, shati jeupe, mikono juu ya magoti, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina zahanati. Boti ilikuwa inakuja, tena inakuja vizuri.

Furaha niliyoipata siwezi kukueleza. Nilipiga ukelele pale bandarini, watu wakanizunguka kutazama, ila jua lilikuwa linakipiga kioo na mimi ndiye niliyekifunika kwa kofia, kwa hiyo hawakuona kitu cha maana. Kwetu mgeni akionekana, la kwanza ni nini? Chakula. Nikaazima simu ya mtu pale, nikampigia mama.

"Mama, wanakuja! Wazima! Ongeza wali, wana mgeni."

"Alhamdulillahi, mwanangu. Huyo mgeni ni wa kulala au wa kula tu?"

"Sijui, we pika tu."

Kisha nikafanya jambo ambalo kila mtu wa pwani angelifanya bila kufikiri. Nikainamia kioo, nikicheka, nikasema, "Karibu, mgeni wetu. Karibu nyumbani, nyumba ni yako."

Yule mtu akainua uso. Zuhura hakutazama juu, Shaweji hakutazama juu, yeye peke yake ndiye aliyeitazama droni. Akaweka mkono kifuani, kama mtu anayeitikia salamu. Wallahi, wakati ule sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kasikia mlio. Nilikuwa nimelewa furaha, na betri ilikuwa imeanza kunipigia kelele, nikabonyeza kitufe ikarudi yenyewe, nikaidaka kwa mkono mmoja. Watu wakapiga makofi. Kwa mara ya kwanza nikajiona rubani kweli.

Boti iliingia jua likizama. Nikaingia majini na viatu vyangu kumpokea Zuhura. Alikuwa na tope mpaka mapajani na midomo imemkauka, lakini mzima. Akashuka yeye, akashuka Shaweji. Nikasubiri.

"Mgeni wenu yuko wapi?"

"Mgeni gani?" Zuhura akauliza.

"Aliyekaa katikati. Mwenye shati jeupe."

Zuhura akanitazama kwa huruma, kama anavyowatazama wagonjwa wenye homa kali. Shaweji alikuwa anafunga kamba, na niliona mikono yake imesimama.

Nyumbani mama alikuwa ametandika mkeka, sahani nne. Hatukumweleza, tulisema mgeni kashukia kwingine. Mama akasema mgeni aliyekwisha kupikiwa chakula chake hakiliwi na wengine, akakifunika, labda atapita usiku. Asubuhi kilikuwa vilevile, wali wa nazi na samaki, hakijaguswa. Mama akapasha akaonja, akatema. Nikaonja na mimi. Nazi haimo, chumvi haimo, harufu haimo. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyoloweshwa, na wali wa sufuria hiyohiyo tuliokula sisi jana ulikuwa mtamu.

Nikaenda kwa Shaweji na simu yangu, kwa maana ile droni ilikuwa imerekodi kila kitu. Kabla sijamwonyesha, akaniambia mwenyewe.

"Shemeji, mimi jana nilishakata tamaa. Mashine imenasa kwenye wavu wa watu, mapanga yake ya kusukuma maji yamevunjika, maji yanatukimbia. Nesi nikamwambia ajiandae kulala humo humo. Mara boti ikawa nzito, ikadidimia kidogo, kama kuna mtu kapanda. Halafu ikaanza kwenda. Naingiza pondo chini, sisukumi, inakwenda. Nikanyamaza nisimtishe mkeo."

Nikamwonyesha. Aliitazama mpaka pale yule mtu anapoinua uso, akasimama, akanirudishia simu. Kabla ya mwezi kwisha boti alishaiuza, akahamia Mloka kwa wakwe zake kulima. Nilimuuliza kwenye simu kama hawaogopi tembo wanaokula mazao huko. Akasema heri tembo, unamwona anakuja.

Na mimi? Mimi nilifanya kosa la pili. Nilitaka kuhakikisha. Nikairusha droni juu ya nyumba yangu mchana kweupe. Zuhura alikuwa anafagia uani. Kwenye kioo, karibu na ua, juu ya lile benchi letu bovu, mwanamume wa shati jeupe amekaa, mikono magotini. Nikainua macho kutoka kwenye simu. Benchi tupu. Nikainamia simu. Yupo. Siku nyingine nikarusha tena, yuko barazani. Mara ya mwisho alikuwa amekaa kizingitini mwa mlango wa jikoni, na Zuhura alimpita ubavuni amebeba ndoo, upindo wa khanga yake ukamgusa bega. Niliishusha droni vibaya ikavunja panga lake moja, na tangu siku hiyo juu ya nyumba yangu siirushi tena. Naogopa kujua amefika chumba gani.

Kazini, ukinitafuta leo, mimi ni mtu mwingine. Harusi za Ikwiriri napiga mimi, za Bungu napiga mimi, naipitisha droni kati ya minazi miwili na mkono hautetemeki. Yule rubani wa korosho hayupo tena. Lakini kabla sijaielekeza kamera kwa watu, nawahesabu kwanza kwa macho, kisha nawahesabu kwenye kioo. Na neno karibu limenitoka mdomoni kabisa. Mtu akibisha hodi nasema "naam", akinikuta nakula natabasamu tu. Unajua pwani hii mtu asiyesema karibu anavyosemwa. Wananiita bahili, wanasema droni imenipandisha kichwa. Nawaacha, maana nitawaeleza nini?

Zuhura nilimwonyesha ile video na kumweleza aliyoniambia Shaweji, kisha nikamwendea imamu wa msikiti wetu. Hakunicheka. Alisema tutie nia, siku ya Alhamisi angekuja na wenzake kuisomea dua nyumba nzima, na huyo aliyemo angetoka. Nilishukuru mpaka nikambusu mkono. Nilipofika nyumbani kumwambia Zuhura, aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea ndizi.

"Usimlete huyo imamu," akasema.

"Zuhura, una akili kweli? Unataka tuishi naye?"

"Nataka kuishi, mume wangu. Ulikuwepo kwenye lile tope? Maji yanaondoka, jua linazama, nimeanza kumtaja mama yangu. Huyo ndiye aliyenileta kwako. Wewe ukamkaribisha, mama akampikia. Sasa umtoe kwa nguvu. Yeye alikuja na mimi. Akifukuzwa, unadhani ataondoka peke yake?"

Imamu nilimwambia tumepata safari. Kila jioni mama anapakua sahani nne, hatujamwambia lolote na wala haulizi. Nami usiku Zuhura akichelewa kurudi chumbani kutoka uani, nakaa kitandani nimeshika shuka, nasikiliza nyayo zake tu, nisije nikasikia na nyingine.

Kwa hiyo wewe unayejifunza sasa, unayefurahia kuona imepaa na kurudi mkononi, sikiliza. Rusha, jiamini, hakuna ubaya. Ila ukimwona mtu kwenye kioo, usimwamkie, usimpungie mkono, na hilo karibu lifiche mpaka asimame mbele yako umwone kwa macho yako mawili. Mgeni ukishamkaribisha huwezi kumwambia ondoka. Unasubiri aage mwenyewe, na wa kwetu mpaka leo hajaaga.