Transfoma ya Papa Iliyopelekwa Kwenye Tenisi

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, na kila nikikumbuka damu inanichemka. Wenzangu wa rika langu wakianza habari za zamani, sauti zinawalainika. Wanasema Bukavu ilikuwa safi, barabara zilifagiwa, maua yalikatwa sawasawa. Ni kweli zilifagiwa. Waliozifagia walikuwa baba zetu, na jioni walirudi kwenye nyumba za giza, wakipita chini ya nyaya zilizobeba umeme wa watu wengine.

Sikatai kwamba tulicheka pia. Mvua ikinyesha tulikalia maganda ya mgomba na kuteleza nayo mteremko mzima, tukarudi nyumbani na matope mpaka masikioni, fimbo ikitungoja mlangoni. Tuliruka kamba tukiimba nyimbo ambazo wakubwa wangezielewa wangetufunga midomo. Shuleni masera, wale watawa wa kike, walitufundisha kushona na kukunja shuka. Hesabu walitupimia kidogo, eti zinachosha kichwa cha mtoto wa kike. Nyumbani kulikuwa na bugali, sombe na maharagi, na ndizi ambazo bibi mzaa mama alitutumia kutoka Nyantende. Moshi wa taa ya mafuta ulitutia weusi puani, na asubuhi tulipopenga kamasi tulichekana.

Papa, baba yangu, alifanya kazi kwenye kampuni ya umeme. Alikuwa "aide", msaidizi wa fundi. Vijana wa kizungu walifika kutoka Ulaya hawajui hata waya gani unaua, Papa akawashikia mikono, na baada ya miezi michache mmoja wao akawa chef, mkubwa wake. Yeye akabaki aide. Jambo hilo mimi nililiona la kawaida tu, kama mvua ya Aprili, na leo najionea aibu kwa kuliona hivyo.

Ninyi vijana mnaojua kuchomeka simu tu, mkidhani umeme unazaliwa ukutani, nisikilizeni kidogo. Mwishoni mwa ile miaka ya hamsini walikuwa wamejenga bwawa mtoni Ruzizi, na umeme ulipaswa kusafiri kutoka kule mpaka mjini. Nilimuuliza Papa kwa nini waya ya juu ya paa letu ni ya kifo wakati ya nyumbani kwa wazungu inawasha redio. Akanionyesha wanawake waliokuwa wakipanda mlima na vitunga vyao mgongoni.

"Ona bamaman bale," aliniambia. "Ukituma mia moja, kila mumoja na kitunga kidogo, batasukumana, njia itaharibika, na vitu bingine bitamwangika. Ukituma kumi tu, benye nguvu, kila mumoja na muzigo muzito, muzigo yote iko ile ile, lakini njia inabaki muzima. Ule uzito wa kila mumoja, njo volti."

Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Waya inayopitisha mkondo mkubwa hupata moto, na umeme mwingi hupotea njiani. Basi kule bwawani transfoma inapandisha volti ili mkondo uwe mdogo, wale wanawake kumi wenye mzigo mzito. Mjini transfoma nyingine inazishusha, inagawa mzigo katika vitunga vidogo, kwa sababu mwenye mzigo mzito akiingia moja kwa moja nyumbani kwako atavunja mlango. Ndani yake hakuna uchawi. Kuna chuma, na nyaya za shaba zimekizunguka pande mbili bila kugusana. Umeme unaokwenda na kurudi upande mmoja unaamsha sumaku ndani ya chuma, na sumaku hiyo inaamsha umeme upande wa pili. Mizunguko mingi, volti nyingi. Mizunguko michache, volti chache.

Kwa hiyo umeme ulitupita juu ya vichwa si kwa sababu haukutosha. Tulikosa transfoma tu. Maternite ya mtaa wetu ilikuwa na chumba kimoja cha kuzalia, kidirisha kimoja kama cha kuku, na taa ya mafuta iliyokohoa kuliko wagonjwa. Siku za mvua hata saa nane mchana mkunga alifanya kazi kwa kupapasa. Mama alikuwa na mimba, na Papa alilitazama lile tumbo kila siku akipiga hesabu zake kimoyomoyo.

Kwenye depo, ghala la kampuni, kulikuwa na transfoma ndogo iliyopigwa na radi, imetupwa nyuma pamoja na vyuma vibovu. Papa aliiomba kwa chef wake, mzungu tuliyemwita Bwana Miwani. Yule akacheka mbele ya wafanyakazi wote. "Chukua. Ukiifufua, mimi mwenyewe nitaifunga kwenye maternite yenu."

Kwetu, neno la mtu mzima mbele ya mashahidi linatosha. Huombi karatasi; kuomba karatasi ni kumtukana. Papa alishukuru kwa mikono miwili, akasukuma kile chuma kwa toroli mpaka uani kwetu. Hilo ndilo kosa alilofanya, na ukoo wetu wote ungelifanya.

Akaanza kufungua waya ulioungua na kuzungusha mwingine, mabaki ya depo, mzunguko baada ya mzunguko, na karatasi katikati ya kila tabaka. Mimi nilikuwa mhesabu. Kila mizunguko kumi naweka haragi moja kwenye ungo. Siku ya tatu tukarudi kutoka misa, ungo ni mtupu. Kwa Mama kulikuwa na sheria: maharagi yaliyochaguliwa hayarudi kwenye mfuko, yanakwenda kwenye chungu.

"Maharagi yangu iko wapi?" Papa aliuliza.

"Iko mu sahani yako," Mama akajibu. "Ulifikiri iko ya kuangalia?"

Papa akakaa, akala mizunguko yake yote kwa bugali. Kesho yake akafungua waya wote, akaanza upya, na safari hii tulihesabu kwa vijiwe. Alipomaliza tuliikausha kwa joto la makaa ili isibaki na unyevu, tukamimina mafuta ya kuipoza, na mfuniko akauziba kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, aliokata kwa kisu cha Mama.

Ikafanya kazi. Bwana Miwani, sitamnyima haki yake, alitimiza neno. Walipoiwasha, ilivuma taratibu juu ya nguzo, na ndani ya chumba cha kuzalia balbu ikawaka saa tano ya asubuhi. Wanawake walipiga vigelegele. Mkunga alivua viatu na kuingia peku kama kanisani. Mama alishika tumbo lake akasema, "Huyu nitamuona uso palepale." Kwa majuma matatu nilitembea Kadutu shingo juu, mtoto wa mwenye taa.

Kisha akaja mkubwa mmoja wa kampuni kukagua laini. Akauliza ile ya maternite inatoka wapi, haimo kwenye orodha. Wakamwambia. Akauliza aliyeizungusha ana diploma gani. Bwana Miwani, aliyesema mbele ya watu wote, sasa alitazama viatu vyake. Mkubwa akaamuru itolewe siku hiyohiyo, kwa usalama wetu, alisema.

Na nani angeitoa? Papa. Alipanda nguzo mwenyewe, na mimi nilimshikia ngazi. Nilimwambia, "Papa, kataa." Akanijibu kwa sauti ya chini, "Nikikataa, kesho mutakula nini? Shika ngazi muzuri." Nikashika.

Siku tisa baadaye mvua ilishuka kuanzia asubuhi, na Mama akashikwa na uchungu. Alizaa mchana, ndani ya kile chumba, kwa ile taa ya kukohoa. Mtoto alikuwa wa kiume. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, na mkunga alipokigundua kwa vidole alikuwa amechelewa. Mama hakumwona uso akiwa hai.

Mwezi uliofuata Papa alitumwa mtaa wa Muhumba kukaza waya kwenye uwanja wa tenisi wa wazungu. Akaikuta pale, juu ya nguzo mpya, imepakwa rangi, imeandikwa namba. Aliitambua kwa ule mpira wa baiskeli uliochungulia kwenye mfuniko. Jioni alituambia, na akaongeza, "Iko inavuma muzuri." Uso wake ulikuwa na fahari. Mama aliinuka akaenda nje. Mimi nilimchukia Papa kwa fahari ile, nikamchukia miaka mingi, mpaka nilipokuwa na watoto wa kulisha nikaelewa kwamba fahari ile ndiyo kitu pekee walichomwachia.

Leo wajukuu wananiambia, "Koko, zamani yenu ilikuwa bien, umeme haikukatika." Hao hao wakiona transfoma wanatoboa tumbo lake wanyonye mafuta ya kuuza, halafu mtaa mzima unakaa gizani mwezi, na wao wanalalamika simu imezima! Papa angewachapa wote. Mwaka jana mjukuu wangu alijifungua hapa hapa Bukavu, muuguzi ameuma simu mdomoni imulike. Mtoto ni mzima, namshukuru Mungu, lakini nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Kwa hiyo msiniambie zamani kulikuwa na taa. Najua zilikuwapo. Maji ya Ruzizi yalikuwapo, shaba ilikuwapo, na fundi alikuwapo, akiitwa aide mpaka anazikwa. Mdogo wangu alihitaji mwanga wa dakika tano, nao wakaupeleka ukamulike mpira.