Vichwa Vinne vya Jumamosi

Jana nilipita mlango wa saluni, harufu ya nywele zinazochomwa kwa kitana cha moto ikanirudisha utotoni, mtaani Kayole. Jirani yetu alikuwa na saluni ya mabati. Mama ndiye aliyemkopesha pesa za kuifungua, wakakubaliana kwa mdomo tu wakinywa chai. Mwaka ukaisha, na kila akiulizwa alisema, "Wiki ijayo, dada."

Jumamosi moja mama alituosha nywele, mimi na dada zangu watatu, akatuketisha kwenye benchi katikati ya wateja. Akadai pesa zake.

"Kwani tuliandikiana?" jirani akanong'ona.

"Hatukuandikiana. Basi nimekuletea vichwa vinne. Anza na huyu. Na Jumamosi ijayo tutarudi."

Alianza na mimi. Alinivuta kwa hasira, kitana kikaniunguza sikio, lakini mama alinitazama nikakirudisha kichwa mahali pake. Wateja wawili wakachoka kungoja, wakaondoka. Alipomaliza kichwa changu, jirani alitoa kifuani noti zenye joto la mwili.

Mama akazihesabu, zikatimia. Kisha akamrudishia moja.

"Hiyo ni ya nywele za mtoto," akasema. "Umefanya kazi."