Bibi Kwenye Karatasi ya Saruji

Karatasi ya mfuko wa saruji ina harufu yake: vumbi kavu linalowasha pua, na chini yake kitu kama mbao zilizonyeshewa. Baba alikuwa mwashi pale Ujiji, na karibu kila jioni aliniletea mfuko mtupu. Niliukung'uta uani, nikachana tabaka la ndani lililo safi, kisha nikachora kwa kipande cha mkaa mpaka Mama aanze kulalamikia vidole vyangu. Nilikuwa darasa la nne na nilijiona fundi kuliko Baba. Niliwachora wanawake wa mtaani kwetu, kanga moja kiunoni na moja kichwani, wakigeuza dagaa mchangani au wakichemsha mawese. Sikujua kwamba kuna wanawake wa namna nyingine.

Miaka hiyo wakimbizi walikuwa wakiingia Kigoma kutoka Burundi. Wengi walipelekwa kambini, lakini Mama Alini alifikia kwetu. Mama alimkuta sokoni, binti yake mdogo mgongoni, wakaanza kuongea. Kwa kuwa Kiha cha Mama, mzaliwa wa Simbo, kinakaribiana sana na Kirundi, walielewana kama ndugu waliopotezana. Alikaa nasi masika yote. Alikuwa mpole, mwenye kicheko cha chinichini, na ndiye mtu mzima wa kwanza aliyekaa kunitazama nikichora bila kuniuliza kama nimeosha vyombo. Nilimpenda kwa hilo tu, na bado nampenda.

Kisha likatoka agizo kwamba wakimbizi wanaoishi mitaani waende kambini. Lori lingekuja baada ya wiki mbili. Kesho yake Mama Alini aliniomba nimchoree mama yake. Bibi huyo alifariki njiani wakikimbia, na picha yake pekee ilibaki ukutani, kwenye nyumba ambayo labda haipo tena. Alisema kila akiamka anaukuta uso ule umefifia kidogo, na Alini hatamjua kabisa bibi yake. Nilikubali upesi, kwa majivuno ya mtoto ambaye hajawahi kushindwa.

Nilimchora bibi mnene wa mashavu, kanga kiunoni, kanga kichwani, ameketi mkekani. Mama Alini alicheka mpaka akafuta machozi, akaniambia nimemgeuza mama yake Mmanyema wa Ujiji. Mama yake alikuwa mkulima wa milimani, mwembamba, na hakuvaa kanga. Alivaa imvutano, nguo ya kwao inayofungwa fundo begani. Ndipo nikaanza kuuliza maswali, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Bega lipi? La kushoto. Pua je, na kidevu? Kila jioni alinieleza na kila jioni nilikosea. Pua ilikuwa ya shangazi yake, macho yalikuwa makali mno. Siku ya kumi alisema sura zangu zimeanza kuuvuruga hata ule uso aliobaki nao kichwani, akaniomba niache, akaingia ndani. Nililia jikoni. Mama hakunibembeleza, alinipa mwiko nikoroge mawese.

Siku moja kabla ya lori nilimkuta Mama Alini akikunja nguo zake. Sikuthubutu kumtajia uso. Nilimuuliza tu, alipokuwa mdogo, alizoea kumwona mama yake akiwa wapi. Alifikiri. Mbele yake, alisema, njiani kwenda shambani, yeye akifuata na kibuyu cha maji. Basi nikachora hivyo: mgongo, fundo kwenye bega la kushoto, jembe, na nyonga moja iliyoshuka kidogo kwa sababu, alivyonieleza, bibi alikuwa akichechemea. Mama Alini aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Ego," alisema, ile ndiyo ya Kirundi. "Ni mama."

Akamwita binti yake. "Alini, njoo umwamkie bibi."

Alini, ambaye alikwishakuwa mtoto wa Ujiji, aliugusa ule mgongo kwa kidole. "Shikamoo bibi."

Siku hizi kuchora ndiyo kazi yangu. Sina mwajiri, nachorea vitabu vya watoto kwa kuagizwa, chumbani kwangu, kwenye kishikwambi chenye rangi nyingi kuliko nitakazowahi kuzitumia. Mteja hunitumia picha kumi za mtu kwa simu na kutaka kazi kesho asubuhi, maana kwake ni kuchora tu. Nikianza maswali yangu, alivaaje, alitembeaje, wapo wanaodhani navuta muda. Nimeambiwa pia kwamba watu wangu wanampa msomaji mgongo. Nawageuza, kwa sababu lazima nile.

Sijui Mama Alini aliishia wapi. Asubuhi ile alipanda lori na Alini mgongoni, karatasi ameikunja kifuani, na watu walivyosukumana hakupata nafasi hata ya kugeuka. Mwaka huu nimetamani sana kumchora. Nimefuta sura zisizo na idadi. Pua si yake, macho ni makali mno, na kila nikifuta naona nampoteza zaidi. Jana nilizima kishikwambi, nikaenda kumwomba fundi anayejenga jirani mfuko mtupu wa saruji, nikaukung'uta uani. Nikaanza na mgongo, Alini juu yake, na nilipomaliza nikamwamkia.